Monita ya Kisogo Haikuwa Rahisi

Wasee, wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja, wawili wa Kitale na mmoja wa Kibabii kule Bungoma. Monita ya kisogo unauziwa mia tano. Flati ya mtumba ya inchi 19 ni kama thao tatu. Uchukue gani? Wote wanataka kuanza kakazi kadogo: kujazia watu fomu za HELB na KRA, kuchapa barua, kuhariri video. Pesa yao ni ya kuhesabu na vidole, na ikimwagika hakuna nyingine.

Jibu langu: chukua flati, na kama lazima ungoje mwezi mmoja ndio ufikishe hizo thao tatu, ngoja. Lakini sitaki uniamini bure tu. Hiyo bei ya mia tano ina historia, na ukiijua utaelewa kwa nini mtu anakuchekea sana akikuuzia.

Kama umezaliwa juzi, huenda hujawahi kubeba kisogo. Mimi mwenyewe nilikuta mwisho mwisho wake. Mwaka 1897 mwanasayansi Mjerumani, Karl Ferdinand Braun, alitengeneza bomba la kioo lisilo na hewa ndani, ambapo miale ya elektroni inarushwa kutoka nyuma na kugonga mbele, na hapo mbele panang'aa. TV na monita zote za zamani ni watoto wa lile bomba. Elektroni zinahitaji umbali ndio zielekezwe hadi kwenye kona zote za skrini, kwa hivyo skrini ikiwa kubwa, mgongo nao unarefuka. Na zikigonga kioo kwa kasi hiyo zinatoa eksirei kidogo, ndiyo maana kioo kilichanganywa na madini ya risasi kuizuia. Hapo ndipo uzito ulipotoka. Monita ya inchi 17 ilikuwa kilo 15 na zaidi. Shikilia hiyo risasi akilini, nitairudia.

Huku kwetu, nyumba nyingi zilijua kisogo kupitia Great Wall, ile TV ndogo ya Mchina ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, iliyokuwa ikiwashwa na betri ya gari. Betri ikiisha inapelekwa sokoni kuchajiwa, na mpira wa Jumamosi unaenda kuangaliwa kwa jirani. Kwa hivyo kompyuta zilipofika na kisogo chao hakuna aliyeshangaa. Ilikuwa TV nyingine tu, hii ikiwa na kibodi.

Kompyuta zenyewe zilikujaje? Nyingi zilikuja zikiwa zimeshatumika. Mwaka 2002 shirika la Computers for Schools Kenya lilianzishwa, kazi yake ikiwa kuchukua kompyuta zilizochoka za maofisi, za hapa nchini na za ng'ambo, kuzitengeneza na kuzipeleka shuleni. Mimi siwezi kuwabeza hata kidogo. Kuna watu waligusa mausi mara ya kwanza kwa sababu yao. Pembeni kulikuwa na wafanyabiashara wakileta makontena Mombasa, na kutoka Mombasa mzigo unapanda hadi Nairobi, Eldoret, Kitale, Bungoma. Saiba za mjini zilijazwa hivyo.

Sasa angalia kilichokuwa kikiendelea upande ule mwingine. Teknolojia ya flati haikuanza jana. George Heilmeier na wenzake wa kampuni ya RCA kule Marekani walionyesha skrini ya kioo kimiminika mwaka 1968, na mwaka 1973 kampuni ya Sharp ya Japani ikaiweka kwenye kikokotoo. Kile kikokotoo ulichofanyia KCSE ni wa ukoo huo. Ilichukua miaka mingi skrini hiyo ikue kufikia ukubwa wa meza ya ofisi kwa bei ya kueleweka, lakini ilipofika, ilifika kwa kishindo. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, monita bapa zilikuwa zimepita visogo kwa mauzo duniani.

Fikiria basi kila benki, kila chuo, kila ofisi ya London na New York ikibadilisha skrini karibu kwa pamoja. Visogo vinaenda wapi? Si jaani. Jimbo la Massachusetts lilikuwa limepiga marufuku kuvitupa kwenye majaa tangu 2000, kwa ajili ya ile risasi. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu taka za elektroniki ilianza kuwa na nguvu mwaka 2003. Kuharibu kisogo kwa njia halali kule ni gharama. Kukipakia kwenye kontena na kukiita msaada ama biashara kwa Mwafrika ni nafuu, na pengine unapata kitu juu yake.

Mazee, hiyo ndiyo siri ya bei. Kisogo kilikuwa rahisi Kitale kwa sababu kilikuwa mzigo Ulaya. Mtu alikuwa analipwa ili kiondoke.

Na usidhani watu hawakuona. Majirani zetu hapo ng'ambo ya Malaba waliona mapema: Uganda ilitangaza kwenye bajeti ya 2009 kwamba inazuia kompyuta na TV za mtumba kuingia. Kutoka Bungoma hadi mpaka ni safari fupi ya matatu, kwa hivyo kitu kilekile kilikuwa biashara upande huu na marufuku upande ule. Mwaka uliofuata, 2010, ripoti ya UNEP ilikadiria kwamba Kenya inazalisha kila mwaka tani 2,800 za taka za TV na tani 2,500 za kompyuta. NEMA nayo ikatoa mwongozo wa taka za elektroniki mwaka huohuo. Mwongozo, sio sheria yenye meno.

Huo wakati ulikuwa wa ajabu kwa eneo letu. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa na intaneti ikaanza kushuka bei. Mwaka huohuo Pan Paper pale Webuye ikasimama, na watu wengi wakabaki wakitafuta la kufanya. Mtu mwenye akiba kidogo akiangalia hapa anaona intaneti inakuja, anaona kompyuta za bei ya chini. Kufungua saiba kulionekana kama jambo la akili, na kwa kweli lilikuwa la akili. Shida ilikuwa kwenye meza.

Tufanye hesabu, na hii ndiyo sehemu ninayotaka wale watatu wasome mara mbili. Kisogo cha inchi 17 kinakula kama wati 75. Flati ya inchi 19, hata ile ya zamani, ni kama 35. Tofauti ni wati 40. Saiba ya mashine nane, saa kumi kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya yuniti 83 za stima. Ukiweka shilingi 25 kwa yuniti, ni zaidi ya thao mbili kila mwezi zinazoingia kwenye tokeni bila mteja hata mmoja kuongezeka. Kwa mtu mwenye mashine moja tofauti ni kama 260 kwa mwezi. Ile thao mbili na nusu uliyookoa kwa kununua kisogo imekwisha kabla mwaka uishe. Baada ya hapo unalipa tu.

Hapo sijagusa UPS. Stima za huku tunazijua. UPS ndogo ikibeba kisogo inapiga kelele dakika chache halafu kila kitu kinazima, na kazi ya mteja ikienda na yeye anaenda. Sijagusa joto, wala meza, maana kisogo kinakula nafasi ambayo mteja mwingine angeketi, na kodi ya chumba unalipa kwa ukubwa.

Haki yake nimpe: kisogo kilikuwa kigumu kufa. Na mafundi wetu walikitumia kwa ujanja. Unakumbuka kombo? Kale kasanduku kadogo kalichochomekwa kwenye monita ikageuka TV. Hosteli na bedsita ngapi ziliangalia Kombe la Dunia la 2010 kwa monita iliyofukuzwa ofisini? Mimi naiheshimu sana hiyo. Pia rangi zake zilikuwa tamu, na kuna wacheza gemu wa zamani hawatakubali chochote kingine. Sawa. Lakini wewe unataka kujaza fomu za HELB.

Flati nazo zilifikaje thao tatu? Kwa barabara ileile. Maofisi ya ng'ambo hubadilisha vyombo kila baada ya miaka michache, na zile flati za mraba zilizofukuza visogo zikafukuzwa nazo na zile pana. Windows XP ilipokoma kupata masasisho Aprili 2014, ofisi nyingi zilisafisha meza kabisa. Ninayohariria video zangu niliinunua na pesa iliyobaki nilipoacha chuo. Nyuma ina stika yenye namba ya mali ya ofisi fulani ya Uingereza. Kwa hivyo sijidai ati mimi nimetoka kwenye huo mchezo. Flati ya mtumba pia ni kitu ambacho mtu wa mbali amechoka nacho. Na zile za zamani zina taa zenye zebaki ndani.

Tofauti ni kwamba hii inakupa miaka ya kazi kwa stima ya nusu. Kisogo cha mia tano leo kinakupa kazi ya kukitupa. Nimeona vijana wakikivunja kwa nyundo nyuma ya maduka wapate kopa ya shingoni, halafu kioo kinabaki kwenye mtaro. Kioo kile kile chenye risasi. Mvua ya Trans Nzoia unaijua, na maji mengi ya huku yanatafuta Mto Nzoia. WEEE Centre, iliyotokana na lile shirika la kompyuta za shule, inapokea taka hizi kitaalamu, lakini iko Nairobi, karibu kilomita 380 kutoka Kitale. Nani atalipia kisogo nauli?

Kwa hivyo ukienda dukani na thao tatu zako: mwambie muuzaji aiwashe na mkae nayo nusu saa, sio dakika mbili. Ikianza kupepesa ama kuzima yenyewe ikishapata joto, mara nyingi ni kapasita zimevimba, fundi anaziweza kwa mia chache, kwa hivyo punguza bei ama uondoke. Weka skrini nyeupe uangalie kama imekuwa ya manjano. Angalia matundu ya nyuma yanaingiliana na kompyuta yako, usinunue adapta baadaye. Uliza stendi yake iko wapi, maana wanapenda kuificha wakuuzie kando.