Ghala la Maandishi na Ruhusa ya Kuandika

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, nayo ikapewa kazi ya kusanifisha lugha. Mwanzoni Waafrika hawakuwa wajumbe wake. Basi Msukuma wa Bariadi aliweza kukisoma Kiswahili sanifu, lakini hakuwa na ruhusa ya kukirekebisha.

Sava ya kutunzia matoleo ya programu huleta swali lile lile. Msimamizi husajili ufunguo wa umma wa kila mtumiaji, kisha huamua nani asome tu na nani aandike. Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mmoja nakala yenye historia yote. Aliyeko Simiyu aweza kufanya kazi hata mtandao ukikatika. Walakini nakala si idhini: pasipo ruhusa, marekebisho yake hayaingii ghalani.