Fuvu lina kabati, mti una nini?

Wadau, wengi wetu tunakatiza Mtaa wa Shaaban Robert pale mjini bila hata kugeuza shingo. Juzi niliingia Makumbusho ya Taifa, mhifadhi mmoja akanizungusha, kisha tukaenda Bustani ya Mimea iliyo jirani.

Jengo la zamani la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya George V, mfalme wa Uingereza. Leo linatunza historia yetu wenyewe. Hapo ndipo ilipo nyumba ya fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Umri wake ni kama miaka milioni 1.75, na lilikaa Nairobi hadi 1965 ndipo likarudishwa Tanzania.

Bustani nayo haikuanzishwa ili tupumzike. Wajerumani waliianza mwaka 1893 kujaribia mazao ya biashara. Kivuli tunachokifurahia leo kilikuwa maabara ya ukoloni. Majengo yameimega miaka nenda rudi, kimebaki kipande.

Hiyo nayo ni historia, tena iliyo hai. Fuvu tumelifungia kabatini. Miti je, nani anailinda? Na wewe, uliingia lini mara ya mwisho?