Makanga na Dereva: Historia Fupi ya Mstari wa Amri

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa hapa Mamboleo nikikarabati programu yangu mwenyewe, na kwa aibu kidogo.

Niliiandika kwa Python ili ipige hesabu ya mikopo ya chama. Unaandika kiasi na miezi kwenye mstari wa amri, inakupa riba. Kosa langu: hesabu yenyewe ilikuwa inachungulia sys.argv. Wanachama walipotaka kuuliza kwa SMS, nikanakili hesabu ile kwenye programu ya pili. Chama kiliposhusha riba, nikarekebisha nakala moja, nikasahau nyingine. Mama mmoja akatozwa zaidi.

Kumbe ugonjwa huu ni wa zamani. Katika lugha ya C, main hupewa argc na argv, basi. Kitabu cha Kernighan na Ritchie cha 1978 kinaonyesha programu ikichambua herufi hizo yenyewe, moja moja. AT&T wakaunda getopt, na mwaka 1985 wakaitoa hadharani kule Dallas. Python nayo ilikuwa na getopt yake, ikaongeza optparse katika toleo la 2.3 (2003), kisha argparse katika 2.7 (2010).

Lakini maktaba haikutenganishii kazi, unatenganisha mwenyewe. Mei 2003 Guido van Rossum, aliyeibuni Python, alishauri main ipokee argv kama kigezo, na irudishe jibu badala ya kuita sys.exit() katikati ya kazi. Hapo hata programu nyingine inaweza kuiita.

Hapa kwetu Kenya tunao mfano mkubwa. Ushahidi ilipoanza Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, taarifa zilikuja kwa wavuti na kwa SMS. Milango miwili, ramani moja.

Panda matatu ya Mamboleo kwenda mjini uone. Makanga anauliza unashukia wapi, anachukua nauli. Dereva anaendesha. Dereva akianza kudai nauli, shikilia kiti!

Sasa main yangu inasoma na kukagua maagizo tu. Riba inapigwa na kanuni moja, inayopewa kiasi, miezi na kiwango bila kujua vimetoka wapi. SMS inaita hiyo hiyo. Jaribio la kwanza nililoiandikia ni deni la yule mama. Amerudishiwa pesa zake.

Nawe tafuta sys.argv kwenye programu yako. Ukiikuta ndani ya hesabu, ihamishe leo.