Mtaa wa Azusa: Usharika Uliopoteza Anwani Zake

Katika makanisa ya Kipentekoste ya Dar es Salaam na Nairobi, Azusa hutajwa kama jina la muujiza. Mhubiri hutaja moto wa Azusa, waumini huitikia amina, na habari huishia hapo. Ni nadra kuelezwa kwamba Azusa ulikuwa usharika wa watu halisi katika jiji la Los Angeles, wenye kodi ya kulipa, hati ya usajili, gazeti na mchungaji. Kwamba uliishi kwa takriban robo karne. Na kwamba ulidhoofishwa, kwa sehemu kubwa, na watu waliobarikiwa ndani yake.

Mchungaji huyo aliitwa William Joseph Seymour. Alizaliwa mwaka 1870 huko Centerville, Louisiana, kwa wazazi waliokuwa wametoka utumwani. Ndui ilimpofusha jicho moja. Mwanzoni mwa mwaka 1906 alikuwa Houston, Texas, akitamani kusoma katika shule ya Biblia ya Charles Parham, Mzungu aliyefundisha kwamba kunena kwa lugha ndiyo ishara ya kubatizwa kwa Roho Mtakatifu. Utengano wa rangi wa Texas haukumruhusu Mweusi kuketi darasa moja na Wazungu. Parham hakumfukuza, alimwacha asikilize akiwa nje ya chumba, mlango ukiwa wazi kidogo. Wapo wanaoisimulia habari hii kama ushahidi wa ukarimu wa Parham. Mimi naiona tofauti: mafundisho yalipita mlangoni, lakini mwanafunzi hakuruhusiwa kupita.

Seymour akaalikwa Los Angeles na kanisa dogo la watu weusi lililoongozwa na mwanamke, Julia Hutchins. Baada ya mahubiri yake ya mwanzo kuhusu kunena kwa lugha, alikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Akahamia nyumbani kwa waumini wa kipato cha chini, na hatimaye ibada zikawa zinafanyika katika nyumba ya Richard na Ruth Asberry, Mtaa wa Bonnie Brae. Tarehe 9 Aprili 1906 maombi yao yakapata jibu walilolingojea. Siku chache tu baadaye umati ulikuwa mkubwa kuliko nyumba, wakapanga jengo namba 312 Mtaa wa Azusa, lililokuwa kanisa la Wamethodisti weusi kabla ya kugeuzwa banda la farasi na ghala. Lilikuwa na ukubwa wa futi 40 kwa 60 hivi. Mabenchi yalikuwa mbao zilizolazwa juu ya makasha, na mimbari ilikuwa makasha mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine. Seymour alizoea kuketi nyuma yake, kichwa kikiwa ndani ya kasha, akiomba.

Jambo la kutazama kwa makini ni mpangilio wa watu. Hawakuketi kwa safu za rangi. Weusi, Wazungu, Wameksiko na wahamiaji wa mataifa mengine walilizunguka kasha la mchungaji. Mwanamke aliweza kuhubiri, mfua nguo aliweza kumwekea mikono msomi. Tukumbuke ilikuwa Marekani ya namna gani. Miaka kumi nyuma, mwaka 1896, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikuwa imebariki utengano katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson. Septemba 1906, mwezi uleule Azusa ulipotoa toleo la kwanza la gazeti lake, magenge ya Wazungu yaliwaua watu weusi katika mitaa ya Atlanta. Magazeti ya Los Angeles yalipokejeli kelele za Azusa, yalichukizwa pia na mchanganyiko ule. Hata Parham, alipokuja kukagua kazi ya mwanafunzi wake mnamo Oktoba, alichukizwa na Weusi na Wazungu kukumbatiana katika ibada. Wazee wa Azusa wakamkataa, naye akafungua mikutano yake pembeni.

Gazeti hilo, The Apostolic Faith, ndilo lililoupeleka usharika huu duniani. Lilitolewa bure, likafikia makumi ya maelfu ya nakala kwa toleo. Mwaka 1906 lilimfikia Thomas Ball Barratt, mchungaji wa Kimethodisti wa Norwei aliyekuwa New York akitafuta michango. Akaandikiana na watu wa Azusa, akarudi nyumbani akiwa Mpentekoste. Mwaka uliofuata Mswidi Lewi Pethrus alisafiri kwenda kumsikiliza, na vuguvugu lililokua Uswidi likatuma wamisionari Tanganyika katika miaka ya 1930. Kanisa la FPCT ni tunda la kazi yao. Kwa hiyo mkulima wa Tabora aliyeokoka katika kanisa lililoanzishwa na Waswidi ana deni, bila kujua, kwa jengo lililokuwa banda la farasi.

Sasa fikiria maana ya kulipoteza gazeti la namna hiyo. Kazi ya uhariri iliendeshwa kwa sehemu kubwa na Clara Lum, Mzungu, karani wa hati mkato. Mei 1908 Seymour alimwoa Jennie Evans Moore, mwanamke mweusi aliyekuwa naye tangu Bonnie Brae. Mwaka huohuo Lum alihamia Portland, Oregon, kujiunga na Florence Crawford, ambaye naye alikuwa amejitenga na Azusa. Orodha za anwani za wasomaji wa nje ya Los Angeles zikahamia huko, na gazeti likaendelea kutoka Portland. Wanahistoria wanabishana kama ulikuwa wizi au makubaliano yaliyoharibika. Matokeo hayana ubishi: Seymour alibaki na jengo na waumini wa karibu, bila sauti ya kuwafikia maelfu waliomwamini. Wanaharakati wanaoendesha vyama vyao kwa akaunti moja ya simu inayoshikwa na mtu mmoja watanielewa upesi.

Mwaka 1911 William Durham, mhubiri Mzungu kutoka Chicago, alijaza Azusa wakati Seymour akiwa safarini, akihubiri fundisho jipya kuhusu utakaso. Seymour aliporudi alifunga mlango kwa mnyororo. Wengi wakamfuata Durham. Aprili 1914 wahubiri, karibu wote Wazungu, walikutana Hot Springs, Arkansas, wakaunda Assemblies of God, ambayo leo ina makanisa ndugu nchini mwetu na kote Afrika Mashariki. Kadiri miundo ilivyopata ofisi, fedha na shule, ndivyo mstari wa rangi ulivyorudi. Afrika Kusini, ambako watu wenye uhusiano na Azusa walifika mwaka 1908, kanisa la Apostolic Faith Mission liligawanywa kwa rangi na halikuunganishwa hadi mwaka 1996.

Mwaka 1915 Seymour alichapisha katiba ya usharika wake. Iliwataka waumini weusi wawapende Wazungu na kuwakaribisha, lakini ikaweka sharti kwamba askofu, msaidizi wake na wadhamini wawe watu weusi. Kuna wanaolisoma sharti hilo kama uchungu wa mzee aliyeshindwa. Usomaji huo hauzingatii mpangilio wa matukio. Kwa miaka tisa usharika ulitegemea upendo peke yake kulinda usawa, na kila aliyeondoka aliondoka na kitu: waumini, orodha, mamlaka ya kusema asili iko wapi. Sharti la 1915 liliandikwa na mtu aliyejifunza kwamba usawa wa ibadani haumfuati mtu hadi kwenye bodi ya wadhamini. Maofisa wanaopokea katiba za makanisa kwa Msajili wa Vyama au RITA huona vifungu vya wadhamini kama utaratibu wa kawaida tu. Nyuma ya kifungu kimoja huweza kuwapo historia nzima ya namna hii.

Seymour alifariki tarehe 28 Septemba 1922. Jennie akachukua uchungaji, akiwa na waumini wachache, akapambana mahakamani na mtu aliyetaka kuutwaa uongozi. Jengo lilibomolewa mwaka 1931. Jennie akawarudisha waliobaki katika nyumba ya Bonnie Brae, wakaendelea kukutana humo, naye akafariki mwaka 1936.