Damu Iko Sawa, Lakini Mimi Siko Sawa

Mwaka wangu wa pili chuoni niliugua wiki tatu, halafu nikachoka miezi 11. Zile wiki tatu kila mtu alizielewa. Hiyo miezi 11 ndiyo ilinitoa shule.

Ilianza na koo. Lilivimba mpaka kumeza mate ikawa kazi, na tezi za shingo zikafura, ukinigusa nalia. Kliniki ya kwanza ilisema malaria. Ya pili ikasema taifodi. Ya tatu ikanipa amoksisilini ya koo, na baada ya siku chache nikatoka upele mwekundu mwili mzima. Ni huo upele uliomfanya daktari mmoja mzee aitishe damu upya. Akaniambia ni mononyukliosisi, ile watu huita mono, homa ya tezi. Wenye mono wakipewa dawa za familia hiyo, wengi hutoka upele kama wangu. Akasema homa itaisha yenyewe, na nisicheze mpira wowote wa kugongana kwa wiki kadhaa, kwa sababu bandama huvimba na inaweza kupasuka.

Homa ikaisha kweli. Mimi ndiye sikurudi.

Si usingizi naongelea. Nilikuwa nalala saa 12 na kuamka kama nimetoka kubeba mawe usiku kucha. Hosteli yetu nilikuwa ghorofa ya tatu, na ya pili nilikuwa nakaa chini kwa ngazi nikijifanya naangalia simu. Nikifua nguo tatu leo, naumia kesho na kesho kutwa. Nikisoma ukurasa, nikifika chini nimesahau juu kulikuwa na nini. Nikarudi hospitali mara nne: damu iko sawa, ini liko sawa, kila kitu sawa. Mathe akaniuliza, "We mtoto, unachoka na nini na hata jembe hujashika?" Shangazi akanivuta kando jikoni akaniuliza polepole kama niko na mimba. Marafiki walisema ni stress. Nilikosa mitihani, nikaahirisha, nikakosa tena. Barua ya chuo ilipofika sikuwa hata na nguvu ya kulia vizuri.

Hapo ndipo nilianza kusoma historia ya huu ugonjwa, kurasa mbili kwa siku, nikiwa kitandani. Nikagundua tabia yake moja: kila kizazi cha madaktari kimekutana na kitu ambacho vyombo vyao havingeweza kuona. Na kila mara aliyelaumiwa zaidi ni mgonjwa.

Tuanze 1885. Daktari wa watoto Mrusi, Nil Filatov, aliandika kuhusu tezi zinazovimba bila sababu anayoiona. Mwaka 1889 Mjerumani Emil Pfeiffer akaupa ugonjwa jina: homa ya tezi. Wote walikuwa wanatumia macho na vidole tu. Lakini magonjwa mengi huvimbisha tezi, kwa hivyo nani angejua huu ni ugonjwa wake peke yake?

Miaka 31 baadaye, mwaka 1920, Thomas Sprunt na Frank Evans wa Johns Hopkins kule Baltimore waliangalia damu ya vijana sita kwa hadubini. Wakaona chembe nyeupe za ajabu, nyingi, za kutisha kama za saratani ya damu. Lakini hawa vijana walipona. Hapo ndipo jina mononyukliosisi lilizaliwa. Halafu 1932, John Paul na Walls Bunnell wakagundua kwamba majimaji ya damu ya mgonjwa wa mono yakichanganywa na damu ya kondoo, chembe za kondoo zinashikana na kuganda pamoja. Hakuna aliyejua kwa nini kondoo, lakini sasa kulikuwa na kipimo. Mwaka 1955 daktari wa jeshi la Marekani, Robert Hoagland, akaandika kwamba unaenezwa kwa mate, hasa kwa busu. Hiyo ndiyo sehemu dunia ilishika. Mpaka leo ukimwambia mtu uko na mono anataka kujua ulikuwa unabusu nani. Kikombe na kijiko pia hubeba mate, wasee.

Sasa sikizeni hii, kwa sababu mimi ilinikalisha kitako. Kirusi chenyewe kilipatikana kupitia hapa kwetu, Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyekuwa na uvimbe wa taya pande zote. Akaanza kuona watoto wengine kama huyo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya takriban maili 10,000 wakipita hospitali za Afrika Mashariki na Kusini wakiuliza nani ameona uvimbe huu. Ramani yao ilionyesha unapatikana kwenye joto na mvua, mle mle malaria imejaa. Mapema mwaka huo huo Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na mmoja wa waliosikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti aliyeshuku kuna kirusi hapo. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, huyo wa mwisho akiwa mzaliwa wa Trinidad, walitangaza wamekiona kirusi kwa hadubini ya elektroni. Kinaitwa Epstein-Barr mpaka leo. Majina ya watoto wa Uganda hayamo.

Wakati huo hakuna aliyejua kina uhusiano na mono. Hiyo ilikuja kwa bahati. Kule Philadelphia, mume na mke Werner na Gertrude Henle walikuwa wanapima damu za watu kutafuta kingamwili za kirusi hiki. Fundi mmoja wa maabara yao hakuwa nazo. Mwaka 1967 akaugua mono. Walipompima tena, kingamwili zilikuwa zimejaa. Mwaka 1968 dunia ikajua: kirusi kilichotoka kwa mtoto wa Uganda ndicho kinaangusha wanafunzi wa vyuo vya Marekani.

Hapa ndipo nilielewa kwa nini kliniki tatu hazikunishuku. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanabeba kirusi hiki. Kwetu wengi hukutana nacho wakiwa wachanga, na kwa mtoto mdogo mara nyingi hupita kama mafua tu au bila dalili. Mono kamili huja ukikutana nacho mara ya kwanza ukiwa kijana. Kwa hivyo si ugonjwa wa wazungu. Ni suala la umri uliokutana nacho. Mimi nilichelewa tu.

Lakini bado hatujafika kwa uchovu. Hapa ndipo historia inaudhi.

Mwaka 1984 na 1985, karibu na Ziwa Tahoe huko Nevada, madaktari wawili waliona wagonjwa wengi waliougua kama mafua halafu hawakupata nguvu tena. Watu wakashuku Epstein-Barr, lakini vipimo vya kingamwili havikutenganisha vizuri wagonjwa na wazima. Magazeti yakauita homa ya vijana wenye pesa, wale wa ofisi wasiotaka kazi. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani wakaupa jina rasmi linalotaja uchovu wa muda mrefu. Jina lilifika, heshima ikabaki njiani.

Halafu watu wakafanya kitu rahisi ambacho kingefanywa zamani: badala ya kuwauliza waliochoka wathibitishe, wakawafuata wagonjwa tangu siku za homa. Dubbo, Australia, walifuata watu 253 walioshikwa na maambukizi matatu tofauti, mono ikiwemo. Matokeo yalitoka 2006: baada ya miezi 6, takriban asilimia 12 bado walikuwa na uchovu wa kuwalemaza. Kilichotabiri nani atabaki hivyo kilikuwa ukali wa ugonjwa wa mwanzo. Tabia ya mtu au akili yake havikuwa sababu kubwa. Mwaka 2009, Chicago, vijana 301 wenye mono walifuatwa pia: asilimia 13 walikuwa bado wagonjwa wa uchovu baada ya miezi 6, asilimia 7 baada ya mwaka, asilimia 4 baada ya miaka miwili.

Nilisoma hizo namba mara tatu. Kwanza zinasema si uvivu. Pili, zinashuka. Wengi hupona.

Hata kwa watu wenye mwili wa chuma ni bahati nasibu. Roger Federer alitangaza 2008 kwamba alikuwa ameshikwa na mono, na mwaka huo huo akashinda US Open. Robin Söderling, yule aliyempiga Nadal French Open 2009, alishikwa na mono 2011 na hakucheza mechi rasmi tena. Ukimwita Söderling mvivu, hapo sina la kukuambia.

Kuhusu kuishi nayo: hakuna dawa ya kuumaliza uchovu huu, na anayekuuzia moja anakuibia. Kuna njia mbili mbaya nilizojaribu, kulala siku nzima na kujilazimisha. Kulala kulinilegeza zaidi. Kujilazimisha kuliniangusha wiki nzima. Kwa muda mrefu waliochoka hivi kwa miaka waliambiwa waongeze mazoezi kidogo kidogo hata wakiumia. Mwaka 2021 mwongozo wa afya wa Uingereza uliacha kupendekeza mpango huo kwao, ukasema waishi ndani ya nguvu walizo nazo.

Mimi naziita tokeni za stima. Naamka najua niko na ngapi. Kuoga, moja. Kurekodi video, tatu, na naigawa siku mbili. Kupika na kufua siku moja, hapana. Nikikopa nguvu za kesho inakuwa kama Fuliza: zikiingia zinakatwa kwanza, kabla hujagusa kitu. Siku nikijisikia poa ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hapo ndipo nataka kufanya yote. Naishia nusu ya ninachoweza. Polepole hiyo nusu imekuwa kubwa.

Na usijipime kwa maneno yangu. Uchovu unaweza kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingo inayosimamia nguvu za mwili, sukari, TB, HIV, hata huzuni yenyewe. Pimwa yote. Lakini ukipimwa yote yakatoka sawa, kumbuka 1919 hakuna aliyejua kuzitambua zile chembe nyeupe, na 1931 hakukuwa na kipimo cha kondoo. Wagonjwa walikuwepo tu, wamelala, wakiambiwa wako sawa.

Mathe hakusoma historia yote hii. Nilimsomea ile ya Dubbo jioni moja akichambua maharagwe. Alinyamaza kitambo. Hakusema pole, yeye si mtu wa pole. Lakini tangu siku hiyo, kabla ya kunituma dukani, huuliza kwanza, "Leo umebakisha tokeni ngapi?"