Kutoka Kukagua Jengo hadi Kumsikiliza Mzee: Ukaguzi wa Makao ya Wazee Uingereza

Sheria ya mwaka 1927 ililazimisha nyumba za uuguzi nchini Uingereza na Wales zisajiliwe, na kuruhusu zikaguliwe. Hata hivyo, usajili haukuhakikisha utu. Sheria ya 1948 ilifuta mfumo wa kale wa kuwahifadhi mafukara; lakini Peter Townsend, aliyetembelea makao 173 kabla ya kuchapisha utafiti wake mwaka 1962, aliwakuta wazee wengi wangali katika majengo yaleyale. Tangu 2014, wakaguzi huuliza maswali matano, yakiwemo iwapo makao ni salama na yanaongozwa vyema. Maswali hayo mawili hayatenganiki: penye usimamizi mbovu, hata jengo imara humhatarisha mzee, naye ndiye shahidi wa kwanza anayepaswa kusikilizwa.