Kimbunga Kilichoghairi

Aprili 2021 shangazi yangu aliyeolewa Dar alinipigia simu usiku. Jobo anakuja. Alikuwa ameshahamisha meza na jiko lake la kukaangia samaki kutoka ufukweni Kigamboni, na kwa siku tatu hakuuza hata kipande. Jobo akadhoofika akiwa bado baharini. Hakuwahi kufikisha kilomita 118 kwa saa, kiwango cha kuitwa kimbunga kamili upande huu wa Bahari ya Hindi.

"Mwanangu, watu wa hali ya hewa wamenila," akasema.

Nikacheka. Niliacha chuo mwaka wa pili nikidaiwa mtihani wa somo hilo hilo la hali ya hewa, kwa hivyo sikuwa na cha kumjibu.

Baadaye nilisoma habari za Aprili 15, 1872. Kimbunga kiliipiga Unguja, kikaharibu meli za Sultani Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba, kaskazini kidogo tu, iliponea, na hadi leo ndiyo inaongoza kwa karafuu. Aprili 15 tena, 1952, ikawa zamu ya Lindi.

Bahari ile ile, mwezi ule ule. Mbona Jobo alishindwa?

Maji moto peke yake hayatoshi. Kimbunga kinataka bahari ya kama nyuzi 26 na nusu, na yetu mwezi wa Aprili inapita hapo bila shida. Mvuke unapanda, unageuka mawingu, unaachia joto, na joto hilo linavuta hewa nyingine kutoka chini. Lakini mnara huo lazima usimame wima. Upepo wa juu ukivuma tofauti na wa chini, mawingu yanasukumwa pembeni, kama sufuria iliyosogezwa nje ya meko. Hewa kavu ikipenya, mawingu yenyewe yanakauka. Jobo alikuwa mdogo, na yote mawili yalimpata.

Halafu kuna mzunguko wa dunia, ambao ndio unaoupinda upepo mpaka uzunguke. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno. Unguja iko nyuzi 6 kusini, Mombasa 4. Sisi Wakenya tunapenda kujiona tuna bahati, kumbe ni ramani tu.

Kinachonikera ni kwamba nyaraka zinakumbuka vimbunga vilivyofika. Vilivyoghairi havizamishi meli ya sultani yeyote, basi vinabaki kwa watu kama shangazi, na kwake vinaitwa uongo.

Mei 2024 Hidaya alipotangazwa, shangazi hakuhamisha kitu. Hidaya naye aliishiwa nguvu alipofika Mafia. Ila mvua yake ilikata barabara ya Dar kwenda Lindi, na samaki aliokuwa ameagiza kutoka Kilwa wakaozea njiani.